Ijumaa za Kubadilisha Mfumo

Siku ya kwanza kazini sikumsalimu mtu. Si kiburi, watu nawaonea haya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mama akanitafutia nafasi ya kujitolea katika hospitali moja hapa Wete kwa kuwa nilisoma kompyuta. Sasa naondoka, na nyinyi wa skuli mtakaonifuata nawaandikia kazi yetu ilivyokuwa. Kuandika siogopi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa dirisha la mapokezi, chini ya Bi Msajili, mwanamke wa makamo ambaye akiita mgonjwa anasikika mpaka barabarani. Alipoona mimi nanong'ona akanihamishia stoo ya dawa, na huko nako sikudumu. Mwisho nikapelekwa chumba cha seva, kwa Mkuu wa Kitengo cha kompyuta. Seva ni kompyuta inayobeba mfumo ambao madirisha yote ya hospitali yanautumia. Bi Msajili alinikabidhi kwa maneno haya: "Huyu hataki watu. Mpe mashine, wataelewana." Yeye na Mkuu walikuwa wa vyama tofauti vya siasa. Gari la kampeni likipita walitaniana mpaka lipotee, kisha wakanywa chai ya birika moja.

Mfumo wetu uliandikwa kwa Java. Watengenezaji walikuwa Unguja, na wakimaliza toleo jipya walitutumia faili moja linaloishia na "war", yaani programu nzima imefungashwa pamoja. Sisi tulisimamisha Tomcat, ambayo ndiyo inayoiendesha programu kwenye seva, tukaweka faili jipya mahali pa la zamani, tukawasha tena, kisha tukasoma logi, maandishi ambayo seva hujieleza inafanya nini. Kwingine nasikia seva haiguswi Ijumaa, maana ikiharibika, Jumamosi na Jumapili hakuna wa kuitengeneza. Sisi tuliingoja Ijumaa, kwa sababu wakati wa sala madirisha huwa matupu. Mkuu alianza kazi, akaenda msikitini, mimi nikabaki kutazama. Amri yake ilikuwa moja: nisiguse kitu mpaka arudi.

Ijumaa moja toleo jipya liligoma. Logi ilisema jedwali la wagonjwa halina safu ambayo programu inaitafuta. Watengenezaji walisahau kututumia maagizo ya kuiongeza. Nilijua la kufanya: kurudisha faili la zamani, ambalo Mkuu hulinakili pembeni kila mara. Lakini simu yake ilikuwa imezimwa, kama ya kila mwanamume Wete saa ile.

Bi Msajili akaja mlangoni. Akasema kuna mama kaletwa kutoka Micheweni, uchungu umemshika, anatoka damu, na kundi lake la damu na dawa zinazomdhuru vyote vimo kwenye mfumo.

"Mkuu kasema nisiguse," nikamwambia.

"Mkuu yumo kwenye hotuba, na mtoto hangoji hotuba. Unaweza au huwezi?"

Nikasema naweza, na kwa sauti.

Nikasimamisha Tomcat. Nikafuta faili jipya pamoja na folda ambamo Tomcat hulifungua, maana ukiiacha, mabaki ya toleo bovu yatakuvuruga. Nikarudisha la zamani, nikawasha. Tomcat haina haraka ya kuamka. Bi Msajili alisimama nyuma yangu akivuta uradi, akimtaja Mungu chini kwa chini. Logi ilipotulia alikimbilia dirishani, na nikamsikia akimtajia muuguzi kundi la damu.

Mkuu alirudi mbio, kanzu kaipandisha kwa mkono. Nikamweleza yote kabla hajauliza. Akaisoma logi mwanzo mpaka mwisho.

"Folda uliifuta?"

"Niliifuta."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nakuona ukifanya."

Akakaa. Akasema tangu akabidhiwe seva ile hajapata kuisikia dua inayoombwa baada ya sala ya Ijumaa. Husali karibu na mlango, imamu akitoa salamu ya kumaliza sala yeye keshavaa viatu.

Yule mama alijifungua salama alasiri ile.

Nimechaguliwa kidato cha tano Unguja, ndiko kustaafu kwangu. Nakilini faili la zamani kwanza, someni logi yote, na mkijua, semeni mnajua. Watu bado nawaogopa, seva siiogopi.

Ijumaa yangu ya mwisho niliweka toleo jipya peke yangu, toka mwanzo. Likawaka. Watu wakatoka msikitini, madirisha yakajaa, Mkuu haonekani. Baadaye sana nikamwona anakuja taratibu, kasimama njiani anacheka na mtu. Alipoingia aliuliza kama chai ipo.