Siku niliyokataliwa meza Tororo kwa sababu nilikuwa mwanamke peke yangu

Wakuu, habari zenu humu ndani. Kama kuna walionizidi umri, shikamooni, ingawa sidhani kama mmebaki wengi. Mimi ni nyanya wa watu sasa.

Nimesoma uzi wa yule dada anayelalamika kwamba akiingia restaurant peke yake wanampeleka meza ya karibu na choo. Nikacheka kwanza. Halafu nikakumbuka yangu.

Ngoja niwape ya kwangu. Nitasema kama ilivyokuwa. Sina wa kumwogopa tena, wengi wa waliokuwepo tumeshawazika.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya pande zote mbili za mpaka, Kenya na Uganda. Mimi ni Msamia, nilikuwa nafundisha shule ya msingi ya misheni upande wa Kenya, si mbali na Busia. Mchumba wangu aliitwa Othieno. Yeye Mpadhola wa Kirewa, upande wa Uganda, kazi yake reli, Tororo. Tulipendana kwa Kiswahili, kwa sababu yeye Kisamia hajui na mimi lugha yao ilikuwa inanipita tu masikioni.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mpango ulikuwa nipande basi mpaka Tororo, nimsubiri atoke kazini, nilale kwa dada yake, kesho yake tuende Kirewa nikaonekane kwao kwa mara ya kwanza.

Aliniambia, "Ningoje kwenye hoteli ile ya karibu na stesheni. Mimi nakula pale kila siku."

Yeye anakula pale kila siku. Yeye mwanaume.

Wadogo zangu, siku zile mwanamke kuingia hoteli peke yake haikuwa jambo dogo. Watu walikuwa na jina moja tu la mwanamke wa hivyo, na hamhitaji niliandike hapa.

Na miezi hiyo kulikuwa na msako mjini. Askari walikuwa wanapita wakiokota wanawake wasio na mtu, wanawaita wazururaji. Mimi nilikuwa nimesikia tu, sikuwa nimeona. Lakini nilijua kitu kimoja: padri msimamizi wa shule yetu akisikia mwalimu wake amelala kituo cha polisi Tororo, sina kazi. Na wakwe wakisikia, sina ndoa.

Nikafika mchana. Nimevaa gauni langu la kanisani, kiatu kinanibana, begi mkononi. Nikaingia.

Meza zote zilikuwa za watu wanne wanne. Wanaume wamejaa, wa reli, wa kiwanda cha saruji, wafanyabiashara. Kelele ikapungua. Mnaijua ile hali unaingia mahali na vijiko vinasimama?

Weita akaja, mtu mzima, kitambaa begani.

"Mama, nyinyi ngapi?"

"Ni mimi tu. Namsubiri mtu."

Akatazama nyuma yangu, kama vile huyo mtu nimemficha mlangoni.

"Mwanamke mumoja hapana kaa hapa. Tajiri nakataa. Polisi nakuja, nasumbua sisi."

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema hata mwalimu. Nikamwambia nitakaa pembeni ninywe chai tu. Akasema pembeni iko nje.

Nje! Nje ndiko askari waliko.

Basi la kurudi Busia lilikuwa limeshaondoka. Kwa dada yake Othieno sikujua njia. Nikabaki nimesimama katikati ya hoteli na begi langu, wanaume wananitazama kuanzia kiatu kwenda juu, mmoja akaniita niende kwenye meza yao na wenzake wakacheka.

Kwenye meza ya ukutani alikuwa amekaa mzee mmoja peke yake. Koti la zamani, kofia ameiweka gotini. Hakucheka na wale. Alimwita weita, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Huyu ni mutoto yangu. Wacha yeye kuja."

Weita akamwangalia. "Mzee, si ulisema uko peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu. Sasa yeye nafika."

Wakuu, msidhani nilifurahi. Niliogopa zaidi! Mzee simjui, ananiita mtoto wake, anataka nini? Tulikuwa tumeonywa tangu utotoni kuhusu wazee wa namna hiyo. Lakini mbele yangu kulikuwa na mlango, na nje ya mlango niliona kofia mbili za askari zinakuja.

Nikaenda nikakaa.

Hakunigusa, hakuniuliza jina. Aliuliza tu, "Unangoja mtu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi pia nangoja. Basi tungoje."

Weita, kwa kuwa sasa tulikuwa baba na mtoto, alituletea chakula cha pamoja. Sahani moja ya ugali wa mtama, bakuli moja la nyama. Akaweka na jagi la maji. Nikajua kazi yangu. Nikasimama nikamnawisha mzee mikono, nikarudi kukaa.

Askari wakaingia. Mmoja akabaki mlangoni, mwingine akawa anazunguka meza. Alipofika kwetu akasimama upande wangu.

"Huyu mama ya nani?"

Mzee akasema, "Mutoto yangu."

"Mimi nauliza yeye. Wewe, baba yako jina gani?"

Jamani.

Sikuwa najua jina la yule mzee. Nikaona padri, nikaona mama yangu kule nyumbani, nikaona Othieno ananitafuta kituoni.

Mzee hakumtazama askari. Alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akachagua na kipande cha nyama, akaniwekea mkononi. Kisha akamwambia:

"Askari, wewe una binti? Binti yako naita wewe jina, mbele ya watu, wakati wewe nakula?"

Askari akaniangalia ninavyotafuna, machozi yakinilenga, nadhani alidhani ni pilipili. Akaondoka kwenda meza nyingine.

Tukala. Nilikula kama mtu aliyetoka kuugua, mkono wangu na mkono wa mzee kwenye sahani moja. Tulikuwa karibu kumaliza Othieno alipoingia na nguo zake za kazi.

Alitabasamu aliponiona. Halafu akamwona niliyekaa naye, na tabasamu likakatika.

"Baba? Umefika lini Tororo?"

Nikautoa mkono wangu kwenye sahani.

Kwa vijana wasiojua: kwetu Wasamia, mke hali na baba mkwe. Si meza moja, hata chumba kimoja ni vigumu. Unampisha njiani, huketi kwenye kiti chake. Na Wapadhola nao heshima hiyo wanayo. Mimi sikula naye tu. Nilikula sahani moja, amenipa nyama kwa mkono wake, kabla hata sijaonekana kwao! Wapo waliovunjiwa uchumba kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mzee alikuwa amekuja mjini kununua sukari na mkate wa kumpokea mgeni wa kesho. Mgeni ndiye mimi. Alikuwa anamngoja mwanawe wakaongee kidogo kabla ya kurudi Kirewa.

Aliinuka polepole. Akageukia ukuta asinitazame, akavaa kofia yake. Othieno akaanza kuongea haraka haraka kwa lugha yao, mimi nasikia jina langu tu, Nabwire, Nabwire. Mzee akamkatiza, akasema kwa Kiswahili. Nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Mimi naambia serikali huyu ni mutoto yangu. Siwezi kurudi kwa serikali kusema nilidanganya."

Akatoka.

Usiku ule kwa wifi sikulala. Othieno alisema baba si mtu wa maneno mengi. Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Hujui kama amekasirika au amesamehe.

Kesho yake tukafika Kirewa. Nikapiga magoti nje, mbali, kama inavyotakiwa. Mzee alikaa upande wa pili wa uwanja, karibu na zizi. Akanisalimu kama mtu asiyewahi kuniona duniani.

"Karibu mgeni. Safari?"

"Nzuri, mzee."

Mashangazi wa Othieno walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wananipima. Mmoja wao, mkubwa wao, mama mwenye macho makali na anayejua Kiswahili vizuri, akauliza: "Jana ulipita Tororo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ulikula wapi?"

"Hoteli, shangazi."

"Hoteli! Msichana! Ulikula na nani?"

Othieno akainamisha kichwa. Sikuthubutu kumtazama mzee. Nilitazama majani chini.

"Nilikula na baba yangu."



Kisha nikasikia mzee anakohoa kule zizini, na shangazi akasema, "Eh, vizuri. Baba yake anamjali," akaagiza niletewe maji.

Niliolewa hapo. Nimezaa hapo. Yule mzee aliishi miaka mingi baadaye na heshima tuliishika kama desturi inavyotaka. Hakuna siku alinitajia Tororo, wala mimi sikumtajia. Lakini nilipogombana na Othieno na watu wakakaa kikao, mzee hakuwahi hata mara moja kuanza kwa kusema "mke wa mwanangu ana makosa." Alikuwa anauliza kwanza, "Yeye amekula?"

Wadogo zangu, nilichojifunza ni hiki. Wewe mwenye hoteli, wewe weita, mtu akija peke yake usimuulize yuko wapi mwenzake. Hujui ametoka wapi na nje kuna nini kinamngoja. Mpe kiti, cha katikati kama kipo. Na wewe uliyekaa peke yako kwenye meza ya watu wanne, sogeza begi lako.

Haya, nimechoka kuandika na miwani inaniteleza. Na nyie mliowahi kuinuliwa mezani kwa sababu mko wawili au mmoja, semeni ilikuwa wapi na nani aliwapisha. Nitasoma zote, pole pole.