Jina Langu Linasema Nina Ndugu Wawili, Mama Anasema Sina

Admin, ficha kila kitu changu ila jina moja tu, Akello. Kina Akello tumejaa nchi hii, hakuna atakayenijua. Nina miaka thelathini na moja, nafanya kazi mapokezi ya hoteli moja hapa Kampala, Nakasero, na naishi na mama yangu Kasubi. Baba alikuwa mwanajeshi, Mwacholi, na alishafariki. Nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili changu kinazidi Kiacholi changu, na msinicheke.

Kazi yangu ni kuandika majina ya wageni kutwa nzima. Akija Mkenya anaitwa Wafula namwambia, "Wewe ulizaliwa wakati wa mvua," anacheka mpaka anasahau funguo. La kwangu pia nalijua maana yake. Kwetu Akello ni msichana aliyezaliwa baada ya mapacha. Lakini mimi ni mtoto pekee. Nilipomuuliza mama nikiwa na miaka kumi alinijibu, "Hiyo ni jina ya bibi yako, umerithi." Nikaamini, maana nani anamshuku mama yake?

Mwezi uliopita mchumba wangu, Muganda, alimleta shangazi yake nyumbani amsalimie mama kabla ya kwanjula, ile siku ukoo wake utakapokuja kwetu rasmi kunichumbia. Mama alipika tangu asubuhi. Yule shangazi akapiga magoti kwa adabu zote akamsalimia kwa Kiganda, "Osiibye otya, Nalongo?"

Kwa Waganda, mwanamke aliyezaa mapacha huitwa Nalongo, na ni heshima kubwa. Shangazi wa watu alikuwa amesikia jina langu, akajumlisha mwenyewe. Mama akaendelea kupanga sahani. Mgeni akadhani hakusikika, akaongeza, "Si huyu ni Akello? Sisi anayefuata mapacha tunaita Kizza. Sasa mapacha iko wapi, na wao tusalimie?"

Mama akainuka, akaingia jikoni, hakutoka tena. Matooke nikagawa mwenyewe huku nikisema kichwa kinamuuma. Aibu niliyoipata siku ile siwezi kuieleza.

Wageni walipoondoka nikamfuata. "Mama, mapacha gani?" Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata. "Mimi nimekulea, nimekusomesha. Unataka kuchimba nini? Ukitafuta hao watu, usiniite mama tena." Hao watu! Kumbe wapo. Ulimi hauna mfupa.

Kesho yake, nikiwa kazini, nikampigia shangazi yangu, dada yake baba, yuko Gulu. Akasema, "Opiyo na Acen iko. Nilikuwa nangoja wewe uulize." Jamani, huyu shangazi yangu amekuwa akinipigia miaka yote kuniuliza kama Kampala mvua inanyesha!

Akanieleza. Vita vilipofika kijijini mama alikuwa na mimba yangu, na baba alikuwa kambini huku. Mama akapata nafasi moja kwenye lori. Mapacha, wa miaka mitatu, akawaacha kwa bibi, akasema atawarudia baada ya wiki mbili. Barabara zikafungwa. Zilipofunguliwa, miaka ilikuwa imepita, na hakurudi. Nilipozaliwa alitaka niitwe jina la kanisani tu. Baba akakataa kabisa, akasema mtoto anayefuata mapacha haitwi kingine.

Nimemkasirikia mama, nimemkasirikia baba aliyenipa jina akaninyima maelezo, halafu namwona mama anakunja nguo zangu nashindwa hata kufoka. Nadhani kinachomfunga mdomo ni aibu, lakini haniambii. Ni kama kuongea na ukuta.

Nikamuuliza shangazi wa Gulu, "Wao wananijua? Nani aliwaambia jina langu?"

"Nani alihitaji kuambia?" akasema. "Mama yao alienda na tumbo. Anayefuata mapacha akiwa kijana ni Okello, akiwa msichana ni Akello. Walivyokuwa wadogo, bibi akiwapa chakula, wao wanatenga kidogo pembeni. Wanasema hii ya Okello ama Akello, atakuja na mama."

Nililia pale pale kazini, mgeni amesimama na pasipoti yake mkononi.

Sasa zimebaki wiki tatu. Mapacha wamemtuma shangazi wa Gulu aniambie wanataka kuja kwenye kwanjula, wakae upande wetu kama ndugu wa bibi harusi. Mama amesema, "Wakiingia mlango hii, mimi natoka." Shangazi wa mchumba wangu anapiga simu kila siku kuuliza hali ya Nalongo. Mchumba naye ananiambia ninyamaze mpaka sherehe ipite, eti mambo ya wazee. Yaani kila mtu ana sababu ya kunifunga mdomo, na mimi ndiye ninayeitwa Akello kila asubuhi.

Mama yangu amenilea peke yake tangu baba alipokufa, na siwezi kuolewa hayupo. Lakini siwezi pia kuwaambia wale wawili wangoje tena. Jana Acen alinipigia kwa mara ya kwanza. Hakuuliza chochote kuhusu mama. Aliniuliza tu gomesi yake, lile gauni la sherehe, ashone ya rangi gani ili ifanane na yetu. Nilikata simu, na mpaka sasa sijampigia.

Ninyi mlio wengi hapa, mwenye mama na mwenye ndugu, niambieni. Nimjibu nini dada yangu?