Maji Niliyoyachora

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukurasa wangu wa mtandaoni ulikuwa ukijitembeza tangu sekunde ya kwanza unapoufungua, na mimi nikauona mzuri.

Kikundi cha wakulima wa kando ya mto kiliniomba nikitengenezee tovuti ya kuonya watu mafuriko yanapokuja. Nilikuwa na meza na laptopu pale Garsen, na sifa nyingi za kujipa mwenyewe. Watu wa upande wa juu wa mto wakipiga simu kwamba mto umejaa, mimi naweka maneno: "Maji yanapanda. Ondoeni mahindi." Juu ya maneno nikachora mto unaosogea. Maji yanapanda taratibu, yanafika ukingoni, kisha yanashuka taratibu ili mchoro uanze tena bila kukatika. Wiki nzima nilihangaika na ule mshuko tu, uwe laini. Niliwaonyesha wenzangu wa mjini, wakanipigia makofi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulima kando ya mto.

Shangazi yangu wa Ndera ndiye aliyenilea. Majirani walikuwa wakimwuliza yeye kabla ya kuhama, maana alikuwa akichomeka kijiti ukingoni, akikitazama, kisha akisema maji yanakuja au yanaondoka. Mwaka ule goti lilimzuia kufika mtoni. Nikamnunulia simu, nikamwekea ukurasa wangu, nikajiona mwana mwema.

Onyo lilipotoka, aliufungua. Maneno hakuyajali. Alitazama maji, kama alivyoyatazama maisha yake yote, akayaona yamefika ukingoni na sasa yanashuka. Akawaambia majirani, "Yanashuka, tulieni." Wakatulia.

Kesho yake mto ulikuwa ndani ya maghala. Watu walitoka salama, namshukuru Mungu, lakini mahindi ya msimu mzima yalikwenda, pamoja na mbegu za msimu uliofuata.

Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye mwinuko, chini ya turubai. Shangazi alinionyesha simu, na mto wangu ulikuwa bado unapanda na kushuka, laini kabisa. Nikaelewa papo hapo. Nilijua siku zote kwamba kinachosogea hulivuta jicho kabla ya maandishi, tena ndiyo kazi inayonilisha, na bado nilikiacha kinachosogea kiseme uongo ili kipendeze. Nilijichukia. Najichukia mpaka leo.

Jirani mmoja, mzee mwenzake, akamwuliza kwa upole, "Mama, wewe ulisema yashuka. Uliona nini?"

Shangazi aliifunika simu kwa leso.

"Macho yangu yamechakaa," akasema. "Sikuona vizuri. Mambo ya mto msiniulize tena."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na mdomo ninao. Nilinyamaza. Tangu siku ile hawamwulizi.