Wali wa Masakichi

Tangu mazishi ya mumewe, Masakichi, mwezi wa nane, Tsuneko hakuweza kuumeza wali wa madhabahu ya nyumbani. Kila asubuhi alipakua wali wa kwanza wa sufuria kwenye kikombe kidogo cha shaba, akauweka mbele ya Buddha na picha ya Masakichi, akaunganisha viganja na kulitaja jina la Amida, Buddha huyo. Mvuke ukiisha, aliushusha wali. Kwa miaka arobaini na tatu alikuwa akiuchanganya na wa kwake na kuula. Sasa ulimkwama kooni, na kuutupa hakuthubutu. Basi akawa anatoka nao nyuma ya nyumba, anawapa koi, samaki wa mapambo kumi na wawili wa marehemu waliokuwa bwawani. Mkubwa wao, mweupe mwenye doa jekundu mgongoni, aliula kiganjani mwake.

Mwezi wa kumi na moja, Mataro, rafiki wa marehemu aliyefuga koi wa kuuza, alikuja kumsaidia kufunika bwawa. Katika milima ile theluji hupanda kupita madirisha, na bwawa lililoachwa wazi hujaa theluji hadi chini. Waliopoa majani, wakazoa tope, wakalaza mianzi kutoka ukingo hadi ukingo. Mataro akawa anatandika mikeka ya matete, mara akasita.

"Shemeji, nani anawalisha hawa?"

"Hakuna."

"Hakuna! Basi wali ule chini umeota?"

Tsuneko alitazama punje nyeupe juu ya mawe.

"Maji yana nyuzi nane," Mataro alisema. "Kwa baridi hii tumbo la samaki limelala. Anachokula kinamwozea humo humo. Masakichi hakukuambia?"

"Bwawa lilikuwa lake. Mimi langu lilikuwa jiko. Ni wali wake, shemeji. Ningeupeleka wapi?"

"Mumeo huko aliko hana njaa. Hata alipokuwa hapa alidonoa kama kuku." Mataro aliona uso wake, akaacha utani. "Umewapa mpaka lini?"

"Mpaka jana."

Tsuneko alihesabu siku moyoni. Baridi ilianza wiki tatu nyuma. Samaki wengine walikuwa wamejikusanya kilindini, lakini mkubwa alilala peke yake pembeni, mkia chini, mashavu yakifunguka kwa taabu. Siku mbili alikuwa hivyo, na Tsuneko alidhani ni uzee.

"Nina tangi la maji ya uvuguvugu bandani," Mataro alisema. "Tukimpasha taratibu, tumbo linaweza kuamka. Lakini kumtoa humu sasa kunaweza kumuua njiani. Ukimwacha, sikufichi, theluji haitayeyuka akiwa hai. Sema wewe."

"Wewe ndiye mjuzi!"

"Samaki ni wenu."

Tsuneko alitamani mtu wa kumuuliza, na mtu huyo alikuwa pichani. Alijua pia kwamba jina la Amida si la kuombea samaki apone. Kasisi wao alilisema hilo kila mwaka. Hata hivyo alilitaja, mara tatu, meno yakigongana.

"Mchukue."

Walimwingiza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji yake. Njia nzima Tsuneko aliupakata garini, baridi ikimpenya mapajani, macho kwenye yale mashavu. Kwenye kona ya pili yalisimama. Alipiga ukelele. Yakafunguka tena.

Bandani waliuacha mfuko uelee juu ya maji ya tangi mpaka joto la ndani na la nje likakaribiana, kisha Mataro akamwachia. Samaki alizama, akalala ubavu.

"Nenda nyumbani, shemeji. Kumkodolea macho hakumsaidii."

Siku tatu zilipita. Theluji ilishuka ikafunika mikeka. Asubuhi ya nne simu ililia wakati Tsuneko anashusha kikombe; alipogeuka kuiwahi, punje zikamwagika mkekani.

"Ametoa choo!" Mataro alipaza sauti. "Kirefu kama uzi wa kushonea! Na amesimama sawasawa, mshenzi huyu!"

Tsuneko alikaa sakafuni. "Na wale kumi na mmoja?"

"Hao wamefunikwa. Hatuna la kufanya mpaka theluji iyeyuke."

Tsuneko alikata simu, akaokota punje moja moja kwenye mkeka. Kisha akazitia mdomoni, pamoja na zile za kikombeni, akatafuna polepole mpaka zikashuka.