Kanga Aliyoondoka Nayo

Juzi kwenye stendi ya Singida nilimwona msichana wa Kizungu aliyejitolea mwezi mzima kulea yatima pale Utemini. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi mlezi wa kituo cha yatima, kisha akaanza kukunja kanga aliyokuwa akimbebea. Mtoto akang'ang'ania pindo.

"Dada, hiyo tuachie," mlezi alisema. "Bila hiyo mtoto halali usingizi."

"Pole, mama. Ni kumbukumbu yangu."

Akambandua vidole kimoja kimoja, akapanda basi, akatupungia.

"Atarudi?" nilimwuliza mlezi.

"Huyu? Nitambembeleza mtoto mpaka amsahau. Akishamsahau, wataniletea mgeni mwingine."

Wakubwa mnaotuhimiza kujitegemea, nawaambia wazi: mgeni mwingine akija kujitolea, mpeni jembe akalime shamba la ujamaa. Shamba halitamlilia akiondoka.