Sare Niliyoikataa

Sanduku langu la nguo lilijaa sare za harusi, kila moja nimeivaa siku moja tu. Miaka hiyo ya tisini, Unguja mjini, kila harusi ilikuwa na kitambaa chake cha kuvaliwa na wanawake wote, na asiyenunua huambiwa ana choyo. Siku moja sanduku lilikataa kufunga. Nikalikalia, wapi! Nikaapa: sinunui tena hata uzi.

Harusi iliyofuata ikawa ya binti wa shoga yangu. Binti huyo nimemnyonyesha mwenyewe, mamake alipolazwa hospitali na homa ya uzazi. Shoga akaniletea kijipande cha kitambaa cha zambarau, nikanunue mfano wake.

"Mwaka huu nshaacha," nikamwambia. "Ntavaa ya mwaka jana."

Akakikunja kijipande. "Haya, bibi. Upendavyo."

Nilidhani yamekwisha.

Siku ya harusi nilikuwa jikoni kwake tangu alfajiri, napika biriani. Mchana nikavaa sare yangu ya kijani. Mpiga video alipofika, shangazi mmoja akanishika bega: "Bi, tupishe kidogo, hii ya wenye sare." Nikamtazama shoga yangu, nikingoja aseme huyu ni mama wa maziwa, aachwe. Akainama kumtengeneza bibi harusi mtandio. Nikapisha. Nikachukua sinia la halua ili mikono yangu ipate kazi.

Niliumia, sifichi. Kwa kitambaa, baada ya maziwa yangu! Nikakata mguu. Mie nilingoja aniombe radhi, naye nadhani alingoja yangu. Hasira hasara, wanasema. Mie nilizibeba zote mbili miaka mitatu, mpaka nikaletewa habari ya kifo chake.

Baada ya arubaini binti alikuja kwangu Mpendae na kanda ya harusi yake. Tukaitazama. Shoga yangu yumo kila pahala, anacheka. Mie simo. Mwishoni ukapita mkono pembeni, umeshika sinia.

"Mama, ule si mkono wako?"

"Wangu."

Kesho yake nilikwenda Darajani kuulizia kile kitambaa cha zambarau. Muuzaji akasema kilishapitwa na wakati. Nikanunua kilichokaribia rangi yake. Kimo sandukuni, hakijashonwa, na sanduku halifungi.