Insha ya Ng'ombe Waliovushwa Mtoni

Binti yangu alipofika kidato cha pili, mwalimu wao wa Kiswahili aliwataka waandike insha ya kubuni. Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Upareni, mgeni kabisa huku kwetu Tarime. Aliwafundisha kwamba ukibuni, jiweke mwenyewe ndani ya kisa, andika kama ulikuwepo. Usiandike kwamba uliogopa, andika tumbo lilifanya nini. Na mtu unayemtunga mpe alama moja, msomaji amwone. Binti alikuwa analala bweni, akija nyumbani mwisho wa juma; alinieleza hayo yote tukisaga mtama, nami nikamsikiliza nusunusu. Nilidhani ni mambo ya shule tu, kama jiografia.

Kwetu hadithi zipo, tena nyingi. Lakini hadithi ni ya fisi na sungura, au ya zimwi, na anayesimulia mwenyewe hayumo. Mtu akifungua mdomo akasema mimi niliona ng'ombe wakipelekwa, huyo hasimulii hadithi. Huyo ni shahidi. Ataitwa mbele ya wazee ale kiapo, na kiapo cha uongo tunajua kinaua, kama si yeye basi ndugu zake.

Sasa mtoto wangu akaandika kwamba alikuwa amejificha kwenye matete mtoni, mchana, akaona wezi wakivusha ng'ombe. Mmoja wao alikuwa anachechemea.

Mwalimu alifurahi mno. Siku ya wazazi, kabla ya likizo fupi, akamsimamisha aisome mbele ya watu wote. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na akina mama wenzangu. Mwanzoni watu walitabasamu. Alipofika kwa yule anayechechemea, watu wakatazamana. Mama aliyekaa kando yangu akavuta khanga yake isigusane na yangu.

Maana mwezi uleule ng'ombe wa mzee mmoja wa kijijini kwetu Nyanungu walikuwa wameibwa kweli, mtoni, mchana, mwisho wa juma ambao binti alikuwa nyumbani. Na nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi mtu anayechechemea. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kila ukoo na boma lake, tukapangwa mstarini katika kijiji cha ujamaa, koo zisizopatana zikawekwa pamoja. Yule mtu akawa jirani yangu bila mimi kupenda wala yeye.

Jua halijazama, mwenye ng'ombe alikuwa mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto aliona."

"Hakuona, mzee. Ile ni insha."

"Insha ndiyo nini?"

"Mambo ya kufikiri tu. Wanafundishwa."

"Serikali inamlipa mtu atoke mbali aje kuwafundisha watoto wetu uongo?" Akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Mama, usinifanye mtoto. Aliona, anaogopa kumtaja. Jumamosi mlete mbele ya wazee, aape."

Alipoondoka nikamshika binti mkono nikamwingiza ndani.

"Uliona?"

"Sikuona, mama. Mwalimu alisema tuweke alama."

"Kwa nini kuchechemea? Si ungeweka upara?"

"Namwona baba jirani akipita kila nikija nyumbani. Ikanijia tu."

Hofu yangu ilikuwa na pande mbili. Akiapa kwamba hakuona, wazee watauliza mbona alisoma mbele ya watu kwamba aliona, kwa hiyo moja ni uongo, na kiapo kitamrudia. Akisema aliona, jirani ana kaka zake, na kaka zake wana mishale. Jirani mwenyewe alikaa nje ya nyumba yake akinoa panga. Kila mtu hunoa panga msimu wa kufyeka, lakini yeye alinoa asubuhi, na jioni akanoa tena.

Nikamkataza binti kwenda mtoni. Maji nikachota mwenyewe, na upepo ukitikisa matete naachia ndoo. Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, darasa la watu wazima, kusoma kwa kidole, lakini niliichukua ile insha nikaifuata mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikalifunga daftari haraka. Nilikuwa nimewaona wale ng'ombe.

Jumamosi wazee walikaa. Mwalimu alikuja na baiskeli, suruali imejaa vumbi. Akaeleza, akaeleza tena. Mzee mmoja akamkatisha.

"Kijana, wewe ulikuwepo mtoni?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa."

Hakukaa. Akasema, "Mpeni jambo ambalo ninyi wote mnajua halijatokea. Asimulie. Kisha mniambie kama hapo napo ni shahidi."

Wakanong'onezana Kikurya. Mwenye ng'ombe akatema mate pembeni. "Haya. Asimulie siku niliyokufa mimi."

Kumtajia mzee kifo chake machoni pake ni kujitafutia laana. Nilimtazama binti nikitaka akatae. Mwalimu akamwambia polepole, "Anza katikati, kama darasani."

Akaanza. Alisema alikuwa anapita na kuni aliposikia kilio kwa mzee. Akasema walivyomlaza kwenye ngozi, na ngozi ilikuwa fupi, miguu ikatokeza. Akasema dume la zizini liligoma kutoka, kwa kuwa halikusikia ile sauti lililoizoea. Mwanzoni alikuwa anababaika. Kisha sauti yake ikatulia, na ilipotulia ndipo nilipoogopa zaidi. Mke mdogo wa yule mzee, aliyekuwa amesimama nyuma, akaanza kulia, kilio chenyewe cha msiba. Nami nikajikuta nageuka kumtafuta mzee kwa macho.

Alikuwa amekaa palepale. Ameshika magoti kwa mikono yote miwili.

"Inatosha," akasema. Akawageukia wazee wenzake. "Huyu hakuona kitu mtoni. Anayeweza kusema hivi hana haja ya kuona."

Wazee wakakubali kwamba kiapo hakuna. Jirani, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa watu, akainuka akaenda zake, hakumtazama mtu.

Likizo ilipokwisha nilimrudisha binti shuleni mwenyewe, yeye mbele na sanduku kichwani, mimi nyuma na panga. Mwalimu alitukuta getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wafundishe hayo mambo yako. Ila huyu wangu aandike ya Dodoma."

"Lakini Dodoma hajafika, mama."

"Ndiyo maana."

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Nilisimama pale hadi mtoto alipoingia bwenini, ndipo nikageuka. Njia ya kurudi ilikuwa inapita mtoni, na asubuhi ile, tulipotoka, jirani alikuwa nje akituangalia tunakoelekea.